Girolamo Cardano: Aliyeijua Bahati na Bado Akaliwa

Wiki ambayo bumu linaingia, hosteli hubadilika harufu. Chumba hiki kinanukia kuku, kile kinanukia viatu vipya. Chumba chetu mwaka jana kilinukia karata mpya. Jamaa mmoja wa ghorofa ya juu alikuja na pakiti mbili, akasema anatufundisha poka, na ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeliwa 140,000, hela niliyoitenga kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Sikuibiwa. Wenzangu walicheza haki wakanishinda, kwa sababu walijua kitu ambacho mimi nilikuwa sikijui. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mle ndani mimi ndiye niliyekuwa nasomea ualimu wa hisabati, na mwezi uliofuata nilitakiwa kusimama mbele ya kidato cha nne kufundisha uwezekano.

Nikaenda maktaba kwa hasira, nikitafuta mbinu za kurudisha hela yangu. Nilichokipata ni maisha ya mzee mmoja wa Kiitalia aliyekufa mwaka 1576. Nimekaa naye karibu mwaka mzima sasa, na naomba niwasimulie, maana kila wiki ya bumu namwona kwenye korido zetu.

Mtoto asiyetakiwa

Girolamo Cardano alizaliwa Pavia, kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Septemba 1501. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria wa Milan aliyeipenda hisabati kiasi kwamba Leonardo da Vinci mwenyewe alikuwa akimwuliza mambo ya jiometri. Mama yake, Chiara, alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Hawakuwa wameoana. Tauni ilipoingia Milan, mama alihamia Pavia kujifungua, na wale watoto wake watatu wakafa kwa ugonjwa huo. Cardano mwenyewe aliandika uzeeni kwamba mama yake alijaribu kuitoa ile mimba kwa dawa ikashindikana. Kwa hiyo mtu huyu aliingia duniani kwa kuponea chupuchupu mara mbili kabla hata hajajua kuhesabu. Pengine ndiyo maana maisha yake yote aliamini bahati ina jambo naye.

Alikua mgonjwa mgonjwa, akapigwa sana, akambebea baba yake mizigo na vitabu mjini. Lakini baba huyohuyo ndiye aliyemfundisha hesabu. Na jina la mwana wa haramu lilimfuata kila mahali, kama tutakavyoona.

Kiongozi wa wanafunzi kwa kura moja

Baba alitaka asome sheria. Yeye akachagua udaktari. Alianza chuo cha Pavia, vita vikavuruga masomo, akahamia Padua. Mwaka 1524 baba akafariki na kumwachia urithi mdogo, ambao kijana aliutafuna haraka. Hapo ndipo karata zilipogeuka kuwa bumu lake. Alicheza karata, dadu na sataranji kwa pesa, na kwa kuwa alikuwa anaelewa nafasi za kushinda kuliko waliokaa naye mezani, mara nyingi alitoka na faida. Wenzake walicheza kwa kuotea, yeye alikuwa anahesabu.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa serikali ya wanafunzi tutalipenda. Wakati huo wanafunzi wa Padua walikuwa na haki ya kumchagua rekta wao, na Cardano akagombea. Hakuwa mtu wa kupendwa: mdomo mkali, hana simile, anasema ukweli hata pale ambapo kunyamaza kungemsaidia. Alishinda kwa tofauti ya kura moja. Ilipofika zamu ya shahada yake ya udaktari, mambo yakawa yaleyale. Waliompigia kura walimkataa mara mbili kabla ya kumpitisha.

Toka siku zile kuna kisa kimoja alichokisimulia mwenyewe. Siku ya sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, mwezi Septemba, alikuwa Venice akicheza karata nyumbani kwa seneta mmoja. Alipoteza hela, nguo na pete. Siku ya pili akagundua kwamba karata zilikuwa zimewekwa alama. Akachomoa jambia, akamchana mwenye nyumba usoni, akachukua hela zake na kutoroka usiku. Kwenye giza akateleza akatumbukia mferejini, huku amevaa silaha chini ya nguo. Akadaka ubao wa chombo kilichokuwa kinapita, watu wakamvuta ndani. Kuinua macho, anamwona yule seneta, uso umefungwa bandeji. Alidhani amekwisha. Seneta akampa nguo kavu za baharia na kusafiri naye hadi Padua. Labda yule bwana hakutaka habari za karata zake za alama zifike mahakamani.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Kijana wa miaka ishirini na kitu, umri wangu huu, alikuwa ameshafika hatua ya kuchomoa kisu kwa ajili ya karata.

Vito vya mke

Baada ya shahada alitaka kufanya kazi Milan, lakini chama cha madaktari cha mji huo kilimkatalia kwa sababu alizaliwa nje ya ndoa. Akaenda kuishi kijiji kiitwacho Sacco, karibu na Padua, ambako wagonjwa walikuwa wachache na kipato kidogo. Mwaka 1531 alimwoa Lucia Bandarini. Wakahamia Gallarate, karibu na Milan, na huko akaporomoka kabisa. Wagonjwa hawakuja, kwa hiyo alirudi mezani. Akaliwa. Akaweka rehani vito vya mkewe. Akaliwa tena. Akaweka rehani samani, hata kitanda. Mwishowe yeye na Lucia wakaishia kwenye nyumba ya kutunzia maskini, Milan.

Naomba msomaji usimame hapa kidogo. Huyu ndiye mtu aliyeelewa mahesabu ya bahati kuliko karibu kila binadamu aliyekuwa hai wakati ule. Naye ndiye huyo kaweka rehani kitanda cha mkewe.

Kilichomwokoa ni ualimu. Alipata nafasi ya kufundisha hisabati Milan, ile ile iliyokuwa ya baba yake. Muda wa ziada akatibu watu bila kujali chama kimesemaje, na wagonjwa wakawa wanapona. Mwaka 1539, baada ya miaka mingi ya kugonga hodi, chama cha madaktari kikamfungulia mlango.

Hesabu za kiapo

Mwaka huohuo 1539 alimbembeleza Niccolò Tartaglia ampe siri ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu. Tartaglia akampa baada ya kumwapisha kwamba hataichapisha. Cardano akaishika ile siri pamoja na Lodovico Ferrari, kijana aliyekuja kwake kama mtumishi akiwa na miaka kumi na minne na kugeuka mwanahisabati hodari. Ferrari akavuka, akatatua na milinganyo ya kipeo cha nne. Kisha wawili hao wakagundua kwamba Scipione del Ferro wa Bologna alishapata jibu kabla ya Tartaglia, miaka mingi nyuma. Cardano akaona kiapo hakimbani tena. Mwaka 1545 akachapisha kitabu chake kikubwa, Ars Magna, akiwataja wote wawili, del Ferro na Tartaglia. Hata hivyo Tartaglia hakumsamehe. Ubishi ukaishia kwenye pambano la hadhara kati ya Tartaglia na Ferrari, Milan, mwaka 1548, na Tartaglia akaondoka mjini kabla halijaisha.

Kutoka hapo nyota yake ikapanda. Mwaka 1552 alisafiri mpaka Uskoti kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton, aliyesumbuliwa na pumu. Askofu akapata nafuu, Cardano akarudi na dhahabu nyingi. Kule Ulaya alikuwa kwenye orodha fupi ya madaktari wanaojulikana zaidi.

Kitabu cha mcheza kamari

Sasa tuje kwenye kilichonipeleka maktaba. Cardano aliandika kitabu kidogo kiitwacho Liber de ludo aleae, yaani kitabu cha michezo ya bahati. Ndani yake ameweka kila kitu: hesabu, historia, mbinu za matapeli, na majuto.

Kwenye dadu alifanya jambo ambalo leo tunamfundisha mtoto wa sekondari bila kufikiria ni nani aliyetangulia. Aliorodhesha matokeo yote yanayoweza kutokea, akahesabu yale unayoyataka, akalinganisha. Dadu mbili zina matokeo 36. Dadu tatu zina 216. Ukitaka namba fulani itokee angalau mara moja kwenye dadu mbili, nafasi ni 11 kati ya 36, na kwenye dadu tatu ni 91 kati ya 216. Sehemu nyingine alikosea. Alijumlisha pale alipotakiwa kuzidisha. Mbele akagundua kosa, akaeleza kwamba hesabu ile haikuwa sawa, na kurasa zenye kosa akaziacha palepale. Kama mwalimu mtarajiwa hiki ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Kitabu kinaonesha mtu anavyofikiri, na makosa yamo.

Nilikibeba mpaka darasani. Kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa haikuwa na dadu hata moja, tukachonga za mihogo. Wanafunzi 60 wakazirusha, tukaandika ubaoni, na jumla ya saba ikawa inaongoza bila mtu kuambiwa. Lile darasa halikuwa la kulala.

Kutoka primero hadi poka

Cardano hakucheza poka, kwa kuwa ilikuwa bado. Mchezo wake mkubwa wa karata ulikuwa primero, na poka ni kama kitukuu katika ukoo huo. Primero ulichezwa na karata 40, yaani pakiti ya kawaida ukitoa nane, tisa na kumi. Kila mchezaji alikuwa na karata nne, zikigawiwa mbilimbili, na katikati watu wanaweka dau, wanapandisha, wanabadilisha karata, au wanatupa na kutoka. Saba ilikuwa na pointi 21, sita 18, ree 16. Aliyewahi kucheza karata zetu za kutafuta sitini na moja, ambazo saba iko chini ya ree tu, hatashangaa kuiona saba ikiheshimiwa hivyo.

Mikono ilipangwa hivi kuanzia chini: namba, yaani pointi tu, primero, karata nne za aina nne tofauti, hamsini na tano, yaani saba, sita na ree za aina moja, halafu karata nne zote za aina moja, na juu kabisa nne zinazofanana. Nilikaa na kalamu nikahesabu. Mikono yote inayowezekana ni 91,390. Primero inapatikana kwa njia 9,990. Nne za aina moja kwa njia 840. Nne zinazofanana kwa njia 10 tu. Lakini hamsini na tano inapatikana kwa njia 120, ni adimu kuliko ile ya 840, na bado inashindwa nayo! Maana yake sheria za mchezo huo zilipangwa na mazoea, siyo na hesabu.

Poka ya leo imepangwa kwa uadimu. Karata ni 52, mikono ya karata tano ni 2,598,960. Nusu ya mikono hiyo haina hata jozi. Yenye jozi moja tu ni kama 42 kati ya 100. Karata tano za aina moja zisizofuatana zipo 5,108. Tatu na mbili, yaani tatu zinazofanana pamoja na jozi, zipo 3,744, ndiyo maana inazishinda. Nne zinazofanana zipo 624. Kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree za aina moja: mara 4 tu.

Aina za poka ni nyingi, ila kwa mgeni zinatosha nne. Ya kwanza ni ile ya kubadilisha: unapewa tano, zote umeficha, unatupa usizozitaka na kupewa nyingine. Hii ndiyo inayofanana zaidi na primero. Ya pili ni ya wazi, ambayo kila mtu anapata saba, nne zikionekana na tatu zimefichwa, kwa hiyo anayekumbuka karata za wenzake ana faida. Ya tatu ni Texas Hold'em, ile iliyonila: mbili mkononi, tano katikati ya meza kwa wote, na mizunguko minne ya dau. Ya nne ni Omaha, ambayo una nne mkononi lakini lazima utumie mbili kamili, si zaidi wala pungufu. Wageni wengi wanaliwa kwenye Omaha kwa kusahau hiyo sheria moja.

Kilichoniua mimi ni kwamba nilicheza kila mkono. Kwenye Hold'em kuna jozi za kuanzia 1,326. Ree mbili zinakuja mara moja kati ya 221, na mikono mingi ni takataka. Wenzangu walikuwa wanatupa, mimi nilikuwa naona kutupa ni uoga. Pili, sikujali nakaa wapi. Anayecheza mwisho ameshaona wenzake wote wamefanya nini. Anayeanza anaongea gizani.

Tatu ni bei. Tuseme una karata nne za aina moja, unasubiri ya tano, na imebaki karata moja kufunuliwa. Karata zinazokuokoa ni 9 kati ya 46 usizoziona, karibu 20 kati ya 100. Mezani kuna 8,000, mwenzako kaongeza 2,000. Unalipa 2,000 kwa ajili ya 10,000, kwa hiyo unahitaji kushinda mara moja tu kati ya sita. Hiyo lipa. Akiongeza 5,000 badala yake, unahitaji karibu 28 kati ya 100, nawe una 20. Tupa, hata kama moyo unakwambia inakuja. Mimi nilikuwa nauliza moyo.

Nne ni mkwara. Kuna kucheza kama una mkono mkubwa wakati huna kitu, na Cardano alishaona kwamba hapa ndipo karata zinapoachana na dadu: karata zimefichwa, kwa hiyo akili ya kumsoma mtu inaingia. Lakini mkwara haufanyi kazi kwa mtu asiyetupa karata. Ukimpiga mkwara mgeni aliyebeba hela ya bumu, atakulipa tu, halafu anakula.

Juu ya hayo yote Cardano aliweka kanuni moja ya msingi: masharti sawa. Wachezaji sawa, hela sawa, mazingira sawa, dadu sawa. Yakikuelemea wewe, ni ujinga kukaa. Yakimwelemea mwenzako, ni dhuluma. Aliandika habari za karata zilizopakwa sabuni ziteleze, na za watu wanaovaa pete zenye kioo ili waone karata zinapogawiwa. Akashauri dau liwe dogo, watu wawe wa hali yako, na mwenye hasira aondoke mezani. Na akakiri kwamba faida kubwa kuliko zote iko kwa yule asiyecheza kabisa.

Ichukue kanuni hiyo uende nayo kwenye kibanda cha kubeti. Bei ya kila mechi imepangwa na mwenye kibanda, na amekata chake kabla mpira haujaanza. Hapo masharti hayajawahi kuwa sawa. Mkeka wa timu kumi, hata kila timu ikiwa na nafasi 70 kati ya 100, unapita chini ya mara 3 kati ya 100. Ni kuzidisha tu, kulekule ambako Cardano alikosea kwanza akajisahihisha.

Watoto wake

Ningependa kuishia hapo. Lakini maisha yake hayaishii kwenye hesabu.

Mtoto wake mkubwa, Giambattista, aliyemtegemea kuliko wote, alisomea udaktari kama baba. Akaoa kwa siri mwanamke aliyeitwa Brandonia. Ndoa ikawa vita. Akamwekea mkewe sumu, akakamatwa, akakiri. Cardano aliajiri mawakili, akatumia jina lake na hela yake, haikusaidia. Mwaka 1560 Giambattista akauawa kwa amri ya mahakama. Baba hakupona kutokana na hilo mpaka anakufa.

Mtoto wa kiume aliyebaki, Aldo, alirithi kilichokuwa kibaya zaidi. Alikuwa mcheza kamari. Aliliwa mpaka nguo, akawa anamwibia baba yake hela na vito. Mwishowe Cardano mwenyewe akamshitaki, Aldo akafukuzwa Bologna, mji ambao baba yake alikuwa profesa wa udaktari tangu mwaka 1562.

Cardano alicheza sataranji kwa zaidi ya miaka arobaini na dadu kwa takriban miaka ishirini na mitano, karibu kila siku, na aliandika mwenyewe kwamba anaona aibu. Alipokuwa anaeleza kitabuni kwamba faida ni kutocheza, Aldo hakuwa anasoma kitabu. Alikuwa anamwangalia baba. Huo ni ufundishaji pia, na hauhitaji andalio la somo.

Mwaka 1570 Cardano akatiwa ndani na mahakama ya dini, mojawapo ya mashitaka likiwa kwamba alipiga ramani ya nyota za Yesu Kristo. Alikaa gerezani miezi michache, akatoka akiwa amepokonywa haki ya kufundisha. Akaenda Roma, na Papa akampa pensheni. Huko aliandika maisha yake bila kujipaka mafuta: hasira zake, magonjwa yake, kamari yake, watoto wake. Alifariki tarehe 21 Septemba 1576, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 75.

Kile kitabu cha michezo ya bahati hakikuchapwa mpaka mwaka 1663, huko Lyon, ndani ya mkusanyo wa kazi zake. Kufikia hapo Pascal na Fermat walikuwa wameshaandikiana barua zao za mwaka 1654, na sifa za kuanzisha hesabu za uwezekano zikawa zao. Mtu aliyeishi kwa kuwahi wenzake mezani akachelewa kwenye karata iliyokuwa ya maana kuliko zote.

Mdogo wangu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, nimekaa barazani nachanganya karata huku nafikiria mambo mengine. Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, akaja akakaa. Akaniambia kaka, naomba unifundishe hiyo ya hosteli. Nikajua kwamba ameshasikia. Habari za mimi kuliwa zilikuwa zimefika nyumbani kabla yangu, na yeye hakuona aibu iliyomo, aliona ujanja.

Nilifikiria kumfukuza. Halafu nikafikiria Aldo, na kwamba kumfukuza hakungemzuia kunitazama. Kwa hiyo tukacheza, kwa punje za maharage, jioni nne mfululizo. Nilimfundisha kuhesabu kwanza, kutupa karata pili, mkwara mwisho kabisa. Jioni ya nne akanila maharage yote. Akauliza kama ingekuwa hela je. Nikamwonesha daftari langu la mwaka jana, siku kwa siku, mpaka ile 140,000. Akalisoma kimya, akarudi mwanzo akalisoma tena, kisha akaenda kulala bila kusema kitu. Sijui alichokichukua. Mwalimu huwa hajui siku hiyohiyo.

Sasa hivi chumbani kwetu poka ipo, Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Tunacheza kwa vizibo vya soda. Jamaa wa ghorofa ya juu bado ananishinda, ila siku hizi inamchukua muda. Anayetaka kujifunza aje, nafasi zipo sita. Hela aiache chumbani kwake.